Vietnam na sisi Watanzania tulifungua milango mwaka uleule. Imekuwaje leo wao ndio wanatubangulia korosho?

#1 Bibo Chungu
Wakuu, habari za jioni.

Shemeji yangu kashuka juzi kutoka Maskati. Kwenye begi la zawadi kuna tende, kuna udi wa mama, na kuna pakiti ya korosho. Mimi, mtoto wa Tandahimba, niliyelipiwa ada kwa korosho tangu darasa la kwanza mpaka kidato cha sita, naletewa korosho za zawadi kwa ndege! Nikageuza pakiti nyuma: zimebanguliwa na kufungashwa Vietnam, malighafi kutoka Afrika. Afrika ipi? Haijasemwa.

Usingizi ukakata, nikaanza kusoma. Kumbe hawa jamaa tulikuwa nao darasa moja. Desemba 1978 wao wanaingia Kambodia kumng'oa Pol Pot, sisi wakati huohuo tuko vitani na Amin. Wao vitabu vya mgao, sisi duka la kaya na kibali cha sukari. Agosti 1986 sisi tukasaini na IMF. Desemba 1986 wao wakafanya mkutano mkuu wa sita wa chama chao na kutangaza Doi Moi, yaani mageuzi. Mwaka huo bei kwao zilipanda kwa zaidi ya asilimia 700. Walikuwa hoi kuliko sisi.

Leo? Mwaka 2024 wameuza nje bidhaa za zaidi ya dola bilioni 400. Sisi bidhaa na huduma kwa pamoja, weka dhahabu, weka na watalii wa Serengeti, bilioni 20 hatujaigusa. Walipita wapi ambako sisi hatukupaona? Msinijibu "uongozi" halafu mkaondoka. Nataka mtu aniambie kilichofanyika.

#2 Kashata Moja
Nimeweka kambi hapa na kahawa yangu. Waje wajuzi.

#3 Jembe Halimtupi
Ardhi, mkuu. Usihangaike na mengine.

Kaskazini mwa Vietnam mkulima alikuwa anafanya kazi kwenye shamba la ushirika, anaandikiwa pointi kwa siku, mwisho wa msimu anagawiwa mpunga kulingana na pointi. Aliyelala kivulini na aliyevunja mgongo, pointi zilezile. 1981 wakalegeza kidogo, kaya ikawa inaruhusiwa kubaki na kinachozidi lengo. Aprili 1988 likaja Azimio namba 10 la chama: kaya ipewe shamba kwa miaka mingi, iuze inachovuna. Mwaka huohuo wa 1988 kulikuwa na njaa mikoa ya kaskazini. 1989 nchi hiyohiyo ikauza nje zaidi ya tani milioni moja za mchele! Mbegu hazikubadilika, mito ni ileile, na watu ni walewale. 1993 wakatunga sheria ya ardhi, mkulima akaruhusiwa kurithisha, kuhamisha na kuweka rehani haki yake ya matumizi, ingawa ardhi yenyewe imebaki ya umma.

#4 Karanga Mbichi
#3 umeeleza vizuri ila kwetu haliingii. Mikorosho ya babu yangu haijawahi kuwa ya ushirika hata siku moja. Tangu mkoloni mkorosho ni wa mtu na unajulikana ni wa nani. Sasa Azimio namba 10 lingetusaidia nini sisi?

#5 Mzee wa Mahame
Karanga Mbichi, mkorosho ulikuwa wa babu yako, ila babu yako alihamishwa akauacha huko.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja Operesheni Vijiji ilipofika kwetu, Newala. Tulipakiwa kwenye lori la serikali, kuku miguu imefungwa kwa kamba za katani, tukashushwa barabarani ambako kijiji kipya kimepimwa kwa mistari. Mikorosho yetu ikabaki mahameni, mwendo wa saa tatu kwa miguu. Mwaka wa kwanza baba alikwenda kupalilia. Mwaka wa pili alikwenda kuokota tu. Mwaka wa tatu nyasi zimempita kichwa, moto ukapita, akarudi na debe moja na nusu. Hakwenda tena.

Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 hazikufika elfu 20. Na katikati hapo ndipo tulipokuwa tunajenga viwanda vya kubangua kwa mikopo ya nje, viwanda 12, vyenye uwezo wa zaidi ya tani laki moja kwa mwaka. Viwanda vinakamilika, korosho hazipo. Nilivipita vile vya Newala na Lindi nikiwa kijana. Mashine mpya za Kiitaliano na za Kijapani, ndani kimya.

#6 Kashata Moja
Shikamoo mzee. Hilo la debe moja na nusu limenichoma.

#7 Mzee wa Mahame
Marahaba. Ila niongeze ili nisionekane nailaumu operesheni peke yake. Ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho, ulikuja miaka hiyo, maua yanaungua mtini na hakuna salfa ya kupulizia. Na bei. Mamlaka ya Korosho ilikuwa inanunua kwa bei ambayo mtu anaona heri apande mihogo. Mambo matatu yalikuja pamoja na sijui lipi liliua zaidi.

#8 Hesabu Tupu
Naona uzi unaelekea kwenye mashairi. Turudi kwenye namba ya #1.

Hiyo dola bilioni 400 siyo ya mkulima wa mpunga. Zaidi ya asilimia 70 ya mauzo ya nje ya Vietnam yanafanywa na makampuni ya kigeni. Vinavyoongoza ni simu, kompyuta na vifaa vya elektroniki. Samsung wa Korea walifungua kiwanda chao mkoani Bac Ninh mwaka 2009, kisha wakajenga kingine Thai Nguyen. Intel wako Ho Chi Minh City tangu 2010. Kioo kinatoka nje, chipu inatoka nje, Mvietnam anaunganisha, simu inapakiwa kwenye ndege. Kwenye vitabu inaandikwa imeuzwa na Vietnam kwa thamani yake yote. Ukitoa vilivyoingia, kinachobaki ndani ni kidogo kuliko mnavyofikiri.

Kwa hiyo swali la Bibo Chungu lina kasoro. Analinganisha gunia letu na simu ya Mkorea.

#9 Bibo Chungu
Hesabu Tupu, sawa, toa simu. Lakini pakiti niliyonayo mkononi siyo ya Mkorea. Ni korosho. Mchele siyo wa Mkorea. Pilipili manga, wao ndio wa kwanza duniani. Kahawa wa pili nyuma ya Brazil.

#10 Nshomile Mstaafu
Nimesikia neno kahawa nikaamka.

Kwanza ieleweke, kahawa ya Vietnam karibu yote ni robusta, na robusta ni mmea wa kwetu huku Maziwa Makuu. Wahaya tunatafuna kahawa tangu kabla Mzungu hajajua kuikaanga. Sasa Vietnam wanavuna zaidi ya tani milioni moja na nusu, sisi nchi nzima, arabika na robusta mkichanganya, hatufiki hata moja ya kumi ya hapo.

Kisa chao kinachekesha. Ujerumani Mashariki walikuwa wanakufa kwa ukosefu wa kahawa miaka ya sabini, dola hawana. 1980 wakakubaliana na Vietnam: sisi tutawapa mashine, malori, mabomba ya kumwagilia, tutajenga nyumba na hospitali mkoani Dak Lak, ninyi mtatulipa kwa kahawa. Mbuni una uvumilivu wake. Kahawa ilipokuja kukomaa ya kutosha, 1990, Ujerumani Mashariki yenyewe inafutika kwenye ramani! Mvietnam kabaki na mashamba, na soko zima la dunia liko mbele yake.

Halafu waungwana hamkusema upande wa pili. Walipanda kwa pupa mpaka bei ya dunia ikaporomoka kati ya 2000 na 2002. Hata sisi Kagera tulilia, na wakulima wao wenyewe waling'oa mibuni.

#11 Chuma cha Reli
#10 ndugu zetu wa Bukoba, mada ya korosho mmeshaifikisha kwenu 😂 Subirini tutaambiwa na Doi Moi ilibuniwa Kamachumu.

#12 Nshomile Mstaafu
Utafiti unaendelea.

Ila Chuma cha Reli, kwa kuwa umeuliza: kwetu kuna kitu kinaitwa butura. Mtu anamuuzia tajiri kahawa ikiwa bado ua, kwa sababu mtoto anatakiwa shule Januari. Kahawa inavunwa Mei siyo yake tena. Mpe huyo hati ya shamba, mpe sheria ya 1993, kama hana pa kukopea Januari ataiuza ikiwa ua vilevile. Ardhi peke yake haitoshi, #3.

#13 Nilisoma Hanoi
Salaam. Nilikuwa Hanoi kwa masomo, siyo zamani sana, lakini mwenye nyumba wangu alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu ambaye kila jioni lazima asimulie enzi za mgao. Walikuwa wanapanga tofali kwenye foleni. Tofali limeandikwa jina, linakushikia nafasi, wewe unaenda kazini. Alikuwa nalo moja bado, analiwekea chungu cha maua.

Naomba nipingane na mwaka 1986 wa Bibo Chungu. Wavietnam wenyewe wana msemo, *phá rào*, kuvunja uzio. Maana yake wilaya na viwanda vilianza kukiuka amri za makao makuu mapema, wakubwa wakafumba macho, na kilichofaulu kikaja kuhalalishwa. Kuna katibu wa chama wa mkoa wa Vinh Phuc, Kim Ngoc, aligawa mashamba kwa kaya mwaka 1966, katikati ya vita! Akakaripiwa, akalazimishwa kujikosoa. Alifariki 1979. Leo ana heshima ya baba wa mageuzi ya kilimo. Mkoa wa Long An nao mwanzoni mwa miaka ya themanini uliacha bei za mgao ukaanza kulipa mishahara kwa bei za soko.

Kwa hiyo mkutano wa 1986 ulikuwa unapiga muhuri kitu ambacho watu walishakifanya. Siyo kama sisi tulioletewa masharti na IMF yakiwa yamechapwa.

#14 Mzee wa Mahame
Nilisoma Hanoi, hata sisi tulivunja uzio mwanangu. Ulikuwa unaitwa magendo. 1983 waliovunja uzio walikamatwa kwa uhujumu uchumi, watu wanatupa sabuni na vitenge usiku mtoni wasikutwe navyo. Mwaka uliofuata serikali hiyohiyo ikaruhusu mwenye fedha zake za kigeni alete bidhaa asiulizwe kazipata wapi. Kwa hiyo uzio ulivunjwa, ila waliouvunja walikuwa waagizaji. Wao kule, kama unavyosema, aliyeuvunja ni mzalishaji.

#15 Jembe Halimtupi
#14 hapo mzee umepiga msumari. Sisi ruksa ilianza dukani. Wao ilianza shambani.

#16 Hesabu Tupu
Msumari gani? Hiyo ni kauli nzuri tu, ushahidi hauna. Vietnam nao walikuwa na magendo ya kutisha mpakani mwa China, redio na baiskeli. Na mmesahau mafuta. Kisima cha Bach Ho, baharini nje ya Vung Tau, kilianza kutoa mafuta 1986, mwaka huohuo mnaoushangilia, kwa ubia na Warusi. Miaka ya tisini mafuta ghafi ndiyo yalikuwa yanaongoza mauzo ya nje. Msaada wa Urusi ulipokatika 1991 ndiyo yaliyowashika mkono.

Halafu cheka: walikuwa wanauza mafuta ghafi na kununua petroli, maana kiwanda chao cha kwanza cha kusafisha, Dung Quat, kilianza 2009. Zaidi ya miaka ishirini wanauza ghafi! Kama sisi na korosho.

#17 Bwana Nidhamu
Nimesoma yote. Siri ni moja: chama kimoja, nidhamu, hakuna kelele za siasa. Kinachoamuliwa kinatekelezwa.

#18 Karanga Mbichi
#17 sisi tulikuwa na chama kimoja mpaka 1992. Tulikuwa tunatekeleza nini?

#19 Chuma cha Reli
😂😂 Tulikuwa tunatekeleza foleni ya unga wa yanga.

#20 Binti Mikindani
Nimechelewa kuuona uzi huu. Mnaongea korosho kama vile mmewahi kuibangua.

Nimefanya kazi misimu mitatu kwenye kiwanda kidogo cha kubangua, hapa Mtwara. Nawaambia inavyokuwa. Korosho inachemshwa kwa mvuke, inaachwa ipoe usiku mzima, asubuhi inakuja mezani. Ganda lina mafuta meusi, yakikugusa ngozi inababuka kama umeungua na moto. Tunapaka majivu au mafuta ya kula mikononi kila baada ya muda, hata hivyo vidole vyangu viwili mpaka leo havina alama, nikienda kusajili laini ya simu mashine inakataa. Unabana korosho kwenye kisu cha mashine, unakanyaga kwa mguu, unavuta mkono, ganda linafunguka. Ukikosea kidogo tu punje inapasuka. Nzima ina bei, nusu ina bei yake, vipande ni hasara. Tulikuwa tunalipwa kwa kilo ya nzima. Kisha kukausha, kumenya ngozi ya ndani, kuchambua kwa ukubwa. Zile za W320, mnazoziona kwenye pakiti nzuri, maana yake ni punje zisizozidi 320 kwa ratili moja.

Sasa sikilizeni kwa nini tulifunga. Siyo kwamba Wavietnam wana mikono mizuri kuliko sisi. Sisi tulikuwa na korosho Oktoba mpaka Januari. Tajiri lazima anunue za mwaka mzima ndani ya miezi hiyo, kwa mkopo, na riba inaanza siku hiyohiyo. Fedha ikiisha Desemba, kiwanda kinasimama Aprili na wasichana tunarudi nyumbani. Mvietnam ana korosho zake na za Kambodia kuanzia Februari, anapokea za Ivory Coast, Nigeria na Ghana katikati ya mwaka, wote hao wakiisha, ndipo zinaingia zetu. Sisi ni msimu wake wa kiangazi. Mashine yake hailali. Ndiyo maana mnadani anaweza kutupita shilingi hamsini kwa kilo na bado akapata faida.

#21 Kashata Moja
Kahawa imepoa nikiisoma hii. Pole kwa vidole, dada.

#22 Bibo Chungu
Binti Mikindani asante sana, hili ndilo nililokuwa nalitafuta. Swali: kilo moja ya punje inatoka kwenye kilo ngapi za ghafi?

#23 Binti Mikindani
Zikiwa nzuri nne, zikiwa na unyevu au hazikujaa tano. Kwa hiyo meli inayotoka hapa na korosho ghafi, robo tatu ya shehena ni maganda. Tunalipia maganda kusafiri baharini.

#24 Hesabu Tupu
Maganda hayo yana mafuta yanayouzwa, siyo taka. Wanakamua, yanakwenda kwenye rangi na breki za magari. Kwa hiyo hata maganda tunawapa.

#25 Bwana Nidhamu
Sasa si upige marufuku kuuza ghafi? Wakikosa watakuja kujenga viwanda hapa.

#26 Mpwani wa Kilifi
Jameni, nawasalimu kutoka upande wa pili wa mpaka. Hilo la marufuku sisi tumelionja. Kenya ilikataza kuuza korosho ghafi nje mwaka 2009. Kiwanda kikubwa cha Kilifi kilikuwa kishaanguka tangu miaka ya tisini. Marufuku ikaja, wanunuzi wakabaki wachache, na mnunuzi akiwa mchache anakuambia bei anayotaka yeye. Jirani yangu alikuwa na mikorosho arobaini, mikubwa, ya babu yake. Aliikata akachoma makaa. Nilimsaidia kubeba magunia. Marufuku bado iko, mikorosho ndiyo haiko.

#27 Jembe Halimtupi
Na Msumbiji walipewa dawa ya kinyume. Miaka ya tisini Benki ya Dunia iliwashinikiza wapunguze ushuru wa kuuza ghafi ili mkulima apate bei nzuri. Viwanda vikafungwa, maelfu ya wafanyakazi, wengi wanawake, wakawa nje. Nyongeza iliyomfikia mkulima ikawa ndogo, nyingi ikaishia kwa wafanyabiashara wa kati. Ukifunga unaumia, ukifungua unaumia.

Sisi tuko katikati. Anayesafirisha ghafi analipa ushuru wa asilimia 15 au dola 160 kwa tani, inayozidi ndiyo inayotozwa. Na bado zinaondoka.

#28 Karanga Mbichi
Msisahau 2018. Bei mnadani ilikataliwa, serikali ikasema inanunua yote, kilo shilingi 3,300, wanajeshi wakaja na malori. Mwaka uliotangulia watu walikuwa wamegusa 4,000. Mimi nililipwa nikiwa nimeshauza pikipiki.

#29 Mzee wa Mahame
Tuendeleeni na mada, hilo litatuvurugia uzi.

#30 Tajiri Mtarajiwa
Samahani wakuu, kuna mwenye mawasiliano ya mnunuzi wa Vietnam? Mimi nina mtu wa kangomba ananiletea.

#31 Chuma cha Reli
#30 umeingia kwenye uzi wenye watu 200 unatangaza kangomba 😂 Subiri hapohapo, wanakuja kukuchukua na hayo magunia.

#32 Binti Mikindani
#30, kangomba ndiyo butura ya huku kwetu. Mtu ana njaa Agosti, anapewa fedha kwa kipimo cha bakuli, Oktoba anakabidhi magunia kwa nusu ya bei. Nenda kauze maandazi.

#33 Mwendo wa Meli
Mnazunguka sana. Nimefanya kazi melini miaka mingi, nawaambia: ni jirani. Bac Ninh hadi mpaka wa China ni saa chache kwa lori. Shenzhen na Hong Kong hapo mbele tu. Mshahara ulipopanda China, kiwanda kilihama hatua mbili kusini, malighafi inabaki kutoka palepale. Bandari ya Cai Mep inapokea meli kubwa zinazokwenda Marekani moja kwa moja. Mtwara ni bandari nzuri, kina kirefu cha asili, lakini nje ya msimu wa korosho unaweza kukaa gatini ukavua samaki. Meli haiji kuchukua kontena ishirini.

#34 Nilisoma Hanoi
#33 ujirani walikuwa nao hata 1979, na jirani huyohuyo aliwaingilia kijeshi Februari mwaka huo. Ujirani haukuwapa kitu mpaka walipoanza kutia saini mikataba. Angalia mfululizo: Marekani inaondoa vikwazo 1994, wanaingia ASEAN, jumuiya ya majirani zao, 1995, mkataba wa biashara na Marekani unaanza Desemba 2001, wanaingia WTO, shirika la biashara duniani, Januari 2007, mkataba na Ulaya 2020. Viatu, nguo na samani vilipaa kwenda Marekani mara tu baada ya 2001. Kabla ya hapo ushuru ulikuwa unaua.

#35 Hesabu Tupu
Na mlango uliofunguliwa na ushuru unafungwa na ushuru. Aprili 2025 Trump aliwatangazia asilimia 46. Wakaenda kuomba, Julai ikawa 20, na 40 kwa bidhaa zinazopitishwa tu kutoka nchi nyingine. Ukimtegemea mnunuzi mmoja ndivyo inavyokuwa.

#36 Karanga Mbichi
Lakini na AGOA, ile sheria ya Marekani kwa bidhaa za Afrika, si ilikuwepo kwetu tangu 2000? Mlango ulikuwa wazi bila ushuru, na sheria ya maeneo ya kuzalisha kwa ajili ya kuuza nje tulitunga 2002. Wao Tan Thuan walianza 1991, kwenye kinamasi pembeni mwa Ho Chi Minh City. Miaka kumi na moja tu mbele yetu.

#37 Chuma cha Reli
Na eneo letu tuliliweka Mabibo, Dar. Yaani hata jina tulichagua tunda la korosho, tukasahau korosho yenyewe.

#38 Mwanakwetu Maskati
Hiyo ya Mabibo nimecheka peke yangu dukani, wateja wananiangalia. Huku Oman korosho za Vietnam zimejaa rafu nzima. Wazee wa huku waliozaliwa Unguja wakiniona wananiuliza kama nimekuja na za nyumbani, zile za kuchoma na moto wa makuti, zina weusi kidogo. Wanazitaka hasa. Nikiwaletea kilo mbili zinagombewa. Soko la hizo lipo, ila nani atazifungasha kwa cheti na mashine ya kupima unyevu?

#39 Jembe Halimtupi
Kitu ambacho hakijasemwa ni msaada. Warusi walipoondoka 1991, Wamarekani bado wamewawekea vikwazo, Benki ya Dunia haikuwakopesha mpaka 1993. Miaka miwili hivi hawana mjomba. 1989 walishashusha thamani ya dong, fedha yao, na kupandisha riba za akiba bila kusukumwa na mtu. Asiye na mjomba anauza.

#40 Mpwani wa Kilifi
Kwa hivyo vikwazo ni baraka? Muulize Mkuba.

#41 Jembe Halimtupi
Hapo umenikamata. Nitarudi.

#42 Mzee wa Mahame
Mtu anayesema hawakuwa na mjomba hajahesabu waliokimbia kwa mashua baada ya 1975. Hao ndio waliokuja kutuma fedha kutoka Marekani, na wengine wakarudi na mtaji.

#43 Kashata Moja
Mpaka hapa nimehesabu: ardhi, Samsung, mafuta, ujirani, mikataba, kuvunja uzio, kukosa mjomba, kuwa na mjomba, na msimu wa kiangazi wa Binti Mikindani. Mwenye uzi unachukua ipi?

#44 Bibo Chungu
Nilikuja na swali moja nimeondoka na tisa. Ile ya Binti Mikindani ndiyo inayonikaa kichwani, kwa sababu sielewi kwa nini sisi hatuwezi kununua za Ivory Coast katikati ya mwaka tukabangua hapa.

#45 Binti Mikindani
Meli ya kutoka Abidjan kuja Mtwara utaipata wapi? Muulize #33.

Halafu Bibo Chungu, hiyo pakiti bado unayo? Angalia tarehe ya kufungashwa. Zetu zikiuzwa Novemba zinafika kule Desemba, Januari. Ukikuta imefungashwa kati ya Februari na Mei, huenda zikawa za Tandahimba.

#46 Bibo Chungu
Imeandikwa tarehe 11 Machi.

#47 Chuma cha Reli
Mkuu umeletewa korosho za shangazi yako 😂

#48 Hesabu Tupu
Au za Ivory Coast zilizolala ghalani tangu mwaka wa juzi. Tarehe ya kufungasha haithibitishi kitu.

#49 Bibo Chungu
Nimempa mama aonje, nikamwambia haya yote. Katafuna mbili, kasema hizi ni za zamani, mafuta yameanza kuchacha, za kwetu hazina tabia hiyo. Ameimimina ndani ya mkebe, pakiti ameiosha anaanika. Anasema ina kifungo kizuri, atawekea mbegu za mchicha.